Karatasi ya Ng'ombe wa Dilolo

Jumatatu, 3 Februari
Mvua tangu alfajiri. Buti zimejaa tope. Leo zizi la Tata Kasongo, dereva mstaafu wa mgodini, nje kidogo ya Kolwezi. Ng'ombe kumi na mmoja. Wanne kawanunua Dilolo, na hao ndio niliowataka kwa utafiti wangu. Bakteria wa kupe wa kule huenda si wa aina moja na wa hapa, na ng'ombe aliyezoea aina moja huangushwa na nyingine. Nimetoa damu. Kupe sikupata hata mmoja. Wote wameoshwa, wanang'aa kama wanakwenda misa.

Alinipa kiti, chai, karanga. Tulipiga soga saa mbili nzima. Tangu nihamie huku hakuna aliyenipa hata robo yake. Fomu ya utafiti nimeijaza nyumbani. Je, wamechomwa sindano karibuni? Nimeandika hapana. Sikumuuliza.

Ijumaa, 14 Februari
Majibu kutoka Lubumbashi. Saba wa hapa wanao bakteria, aina ile ile ya siku zote. Wanne wa Dilolo hawana kitu. Ilipaswa kunishangaza. Nilivunjika moyo tu.

Tata Kasongo kafurahi. Anawapeleka hao wanne Tenke kwa dada yake, Mama Agnès, mjane anayeishi kwa maziwa ya ng'ombe watano. Kaomba karatasi ya kuthibitisha kwamba hawana ugonjwa. Nimeandika "safi", nikagonga muhuri.

Jumamosi, 1 Machi
Nimemkuta Tata Kasongo sokoni. Nikamtania kwamba ng'ombe wake wa Dilolo wanaoga kuliko mimi. Akacheka, akaniita daktari kama wanavyoita huku.

"Mama Munganga, mugeni anakuya, utamuonyesha ngombe mugonjwa? Ni haya! Bale ine, mi nilibapika sindano siku tatu mbele ukuye."

Yaani wale wanne aliwachoma sindano siku tatu kabla sijafika; alitaka kuniheshimu. Dawa ile huwaficha bakteria, haiwamalizi. Karatasi yangu ni uongo wenye muhuri, na ng'ombe walishapanda lori wiki iliyopita.

Nimempigia Mama Agnès. Nimemwambia awanyunyizie wote dawa ya kupe. Ya karatasi sikumwambia. Niliogopa. Na mtu wa kumwambia kwamba naogopa sina.

Jumatano, 12 Machi
Kimya kutoka Tenke. Kila simu ikilia nashtuka. Hailii mara nyingi.

Alhamisi, 27 Machi
Mama Agnès kapiga. Wawili kati ya ng'ombe wake watano hawali. Ufizi mweupe, macho ya njano, mkojo wa kawaida. Najua ni nini: bakteria wa kupe, na wameletwa na wale wanne wa Dilolo. Gari la Tenke ni kesho asubuhi. Nimefunga begi, nimelifungua, nimelifunga tena.

Ijumaa, 28 Machi
Mmoja kafa kabla sijafika. Wa pili nimemchoma sindano, kasimama kidogo, kafa jioni. Nimewachoma na watatu waliobaki, nikatoa damu ya wote, hata ya wale wanne wa Dilolo.

Nimemwambia Mama Agnès yote, palepale zizini. Fomu, sindano ya kaka yake, karatasi, ile simu yangu ya nusu ukweli. Aliingia ndani, akafunga mlango. Bora angenitukana.

Jumatano, 9 Aprili
Majibu ya damu ya waliokufa. Ni aina ambayo hatukuwa nayo kabisa kwenye orodha yetu, na wale wanne wa Dilolo, waliopimwa upya, wanayo. Mkuu wangu kaandika "hongera" na alama tatu za mshangao. Ndicho nilichokuja kutafuta huku. Nimefunga kompyuta. Nimepika wali, nimeuacha sufuriani. Jirani anacheka na wanawe upande wa pili wa ukuta, na mimi najichukia.

Jumapili, 27 Aprili
Tenke. Watatu wako hai, wanakula. Mama Agnès kashika kamba mwenyewe nikitoa damu. Kisha kaomba karatasi mpya, maana majirani hawataki ng'ombe wake wapite kwao. Nilishika kalamu.

"Usiandike safi," alisema. "Andika tu kenye uliona."

Nimeandika nilichokiona: leo wanakula, ufizi mwekundu, kilichomo kwenye damu sijui bado. Aliisoma polepole, akaikunja, akaitia kwenye kitenge. Akaniuliza kama nimekula. Nilitaka kusema ndiyo, kama ninavyomjibu kila mtu. Nikasema hapana.

Kaleta bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, sahani moja. Tumekula.