Zebaki Katikati ya Orodha

Gatwiri,

Jambo hili sijamwambia mtu. Siku tulipotangaziwa kwenye paredi ya asubuhi kwamba umekufa nililia kama wenzangu, na katikati ya kulia nikawaza kwamba sasa hakuna atakayezikata orodha zangu. Lilikuwa wazo fupi, lakini lilikuja. Nataka uwe wa kwanza kulijua.

Ukurasa wetu wa "Tumejaribu" bado unabandikwa kwenye ubao ulio nje ya maktaba. Mwalimu wa gazeti la shule aliniuliza kama nitauacha, nikasema hapana. Sabuni, mafuta ya kujipaka, biskuti, sasa navijaribu peke yangu. Zamani wewe ulijaribu na kuandika, mimi nikanakili orodha ya viungo iliyo kwenye pakiti. Unakumbuka nilivyokuwa nikinuna ukishika kalamu nyekundu? "Wanja, unamwandikia nani? Chupa inajijua." Ulikuwa ukiacha viungo viwili, labda vitatu. Cha harufu hukukikata hata mara moja, kwa sababu ya pumu yako. Manukato makali yalikuwa yakikukaba, na ulisema lazima kuna mwingine hapa shuleni mwenye kifua kama chako, anayeona haya kuuliza.

Basi muhula huu niliandika juu ya krimu nyeupe anayouza Mama Njeru katika kibanda cha karibu na geti. Nilimwomba anionyeshe kopo lenyewe. Akanipa huku akicheka, "Soma, lakini usiniingizie kidole." Nikanakili kila kitu, kuanzia maji hadi rangi, kwa mpangilio wa kopo. Katikati mlikuwa na zebaki. Niliiona. Nilijua ni ile ya kipimajoto, ambayo mwalimu wa kemia hutukataza kuigusa. Nikadhani nikiiandika tu, kila mtu ataiona kama nilivyoiona mimi. Niliuridhikia sana ukurasa ule, Gatwiri. Haukuwa na mkwaruzo mwekundu hata mmoja.

Wiki kadhaa baadaye nilimkuta Kawira bombani. Mdogo wako yuko Kidato cha Kwanza sasa, na sweta yako anaivaa mikono ikiwa imekunjwa. Mashavu yake yalikuwa yamekwajuka, na chini ya macho ngozi ilikuwa ikibambuka. Nikamuuliza anapaka nini.

"Ile ya kijiko, ya Mama Njeru."

Nikamuuliza kama hakusoma ubao.

"Nilisoma. Ulisema inalainisha na haishiki vumbi. Halafu ukaanza kuita majina kama mwalimu wa zamu, mimi nikaenda uji."

Nikamwambia kuna zebaki, imeandikwa hata kwenye kopo. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mwenzake.

"Kopo gani, Wanja? Sisi tunapimiwa."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Mama Njeru huchota kijiko kimoja, anakifungia kwenye kipande cha nailoni, na kopo linarudi chini ya meza. Wasichana wanaonunua hawajui hata jina lililo juu yake. Mimi nilikuwa nimeandika jina hilo kwa herufi kubwa, kisha nikanakili orodha nzima, kana kwamba wanalo kopo mkononi na wanachotaka ni kuhakikisha kwamba sikukosea.

Mama yenu alimpeleka Kawira hospitali. Walimwambia aiache kabisa, wakampima mkojo, na wanataka arudi tena. Ngozi inatulia polepole. Mama yenu hakunilaumu. Alinipa vitabu vyako na ile kalamu.

Nilikaa nayo mbele ya orodha yangu. Safari hii nilijiuliza swali lako bila kununa, na jibu likawa Kawira. Nikakata maji, nikakata nta, nikakata rangi. Nikaandika: "Krimu nyeupe ya kijiko, ya kibanda cha karibu na geti, ina zebaki, ile ya kipimajoto. Ni sumu. Usiipake." Nikaongeza kwamba harufu yake ni kali kwa mwenye kifua. Hapo ungenicheka. Kama haipakwi, harufu ya nini? Lakini sikuweza kuukata mstari huo.

Kabla ya kubandika nilienda kwa Mama Njeru, kwa sababu alikuja kukuzika hadi kwenu Nkubu, na sikutaka ausikie ukurasa kutoka kwa wateja. Alikasirika. "Wewe na kalamu yako mtanifungia kibanda." Kisha akaniambia nimsomee zile herufi ndogo za kopo. Nikamsomea. Akalifunika kopo, akaliweka mahali pake chini ya meza. Sijui kama amelitupa.

Lala salama, rafiki yangu. Nakuahidi kwamba kila ukurasa utapita chini ya kalamu yako kabla haujafika ubaoni, na mstari wa harufu utakuwepo siku zote, hata kama hapa shuleni hakuna mwingine wa kifua kama chako.

Leo nimebandika ule mpya kabla ya kengele ya uji, nikajificha nyuma ya nguzo ya maktaba. Kawira alikuja na wenzake, vikombe mkononi. Walisoma mpaka mwisho. Mmoja akajigusa shavu. Niliwangoja waondoke, nikaibana vizuri pini ya ubao iliyokuwa imelegea, nikaenda darasani.

Wanja