Kinu cha Rahel

Mafiga,
Morogoro.
11 Agosti 2024

Mpendwa mwanangu Magdalena,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia, hata kama uko peke yako chumbani. Shikamoo yako niliikuta kwenye barua, marahaba sana. Je, baridi ya Sumbawanga imekuachia kidogo? Kile kikohozi kimeisha, au bado unakinywea dawa za dukani kwa kubahatisha? Sisi huku wazima. Goti langu la kushoto linaniringia asubuhi, likishapata jua linakuwa na adabu. Baba yako mkubwa Emmanuel naye mzima, anapalilia migomba isiyo na magugu, ilimradi asikae nyumbani nikamtuma.

Najua siku hizi mnatumiana sauti kwenye simu. Mimi nikisema kwenye simu nasahau nusu, kwa hiyo nimeandika, na barua hii inakuja kwa basi pamoja na pilipili manga na mdalasini wa Mkuyuni.

Barua yako niliisoma mara mbili. Unasema tangu uhamishiwe kufundisha shule ya huko ni miezi sita, na kanisani umeacha kwenda. Hukugombana na mtu. Jumapili ya kwanza walikusimamisha na wageni wengine, wakakupigia makofi ya kilo, na tangu hapo kila mtu anakupa mkono, anatabasamu, anakwenda zake. Unasema ukikosekana hakuna anayejua. Maneno hayo yalinichoma, mwanangu, na sikukujibu upesi kwa sababu niliona aibu. Yaliyokupata wewe huko, mimi nimemfanyia mtu hapa.

Anaitwa Rahel. Alihamia Mafiga Desemba kutoka Gairo. Mumewe anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa, anarudi mwisho wa mwezi. Alikuja na barua ya utambulisho ya parokia ya kwao, na Anselmi, katibu wetu, akamwandika kwenye daftari la Jumuiya ya Mtakatifu Ana. Mwenyekiti ni mimi, na unanijua ninavyopenda wageni. Kila Jumamosi alfajiri tunaposali nyumbani kwa mmoja wetu, Rahel alipewa kiti chenye mgongo. Chai ikija, yeye wa kwanza. Akiinuka kuosha vikombe namrudisha: kaa, mama, wewe mgeni wetu. Na kwa vile alikuwa mjamzito, tukazidisha. Ilifika miezi sita tunamwita mgeni wetu, na parokiani tunajisifu kwamba hakuna jumuiya inayojua kukarimu kama yetu.

Juni akakosa Jumamosi tatu. Tukasema amekwenda kwao kujifungua, tukamwombea heri. Ile ya tatu nikaona nipite pale alipopanga, niulizie kwa majirani. Nikamkuta Rahel mwenyewe kakaa mkekani anakunywa uji, na mtoto wa siku kumi na moja yuko mapajani mwa Mwanaasha, yule muuza vitumbua wa chumba cha pili. Mwanaasha ndiye aliyempeleka hospitali na ndiye aliyekuwa akimkanda kwa maji ya moto. Rahel aliponiona akainuka kunipisha nikae.

Nikamuuliza mbona hukutuambia. Akajibu taratibu, "Mama, nyie mmenikirimu sana. Nikaona nitawachosha."

Hakusema kwa ubaya. Nilikaa pale na sukari na sabuni zangu za zawadi, nikakosa pa kuangalia.

Mwanaasha akanisindikiza hadi barabarani. Ni Mluguru mwenzetu, neno likimjia halimezi. "Dada Skola, usinikasirikie," akaniambia. "Nyie kila siku mnampa tu. Mie alipohamia, siku ya pili yake nikamgongea, nikamwomba kinu chake nitwangie mchele wa vitumbua. Kesho yake naye kaja kuniomba chumvi. Basi, ndo ikawa hivyo. Mtu hujamwomba kitu, yeye atakuombaje?"

Nilikasirika, sikufichi. Miaka yote hii nasali, leo nifundishwe kulea waumini na mtu ambaye hata kanisani haingii? Nikafika nyumbani nikamsimulia Emmanuel, nikitegemea atanitetea. Akasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wewe mwenzetu umemkalisha nusu mwaka. Chai ya jioni ile alijipikia. Lakini nilijua wamesema kweli, wote wawili.

Sikukuu ya somo wetu, Mtakatifu Ana, ilikuwa inakaribia. Nikapendekeza kwenye jumuiya kwamba mboga asimamie Rahel, maana siku hiyo arobaini yake itakuwa imeshapita. Anselmi akapinga. Akasema mgeni hatwikwi mzigo, apewe mwaka mmoja azoee. Nikamwambia mche ukiuacha kwenye kiriba mwaka mzima, mizizi inajizungusha humo humo, na siku ukija kuupanda umeshachelewa. Akakubali, ingawa hakufurahi.

Nikaenda kwa Rahel mikono mitupu. Ilinipa taabu, sijazoea kwenda kwa mtu bila kufunga kitu kwenye kanga. Nikamwambia nimekuja kuomba: tutakuwa watu sitini, na kisamvu cha karanga hatuna wa kukipika kama mtu wa Gairo. Tena nakuomba na kinu chako.

Akaniangalia kidogo. "Karanga mnanunua wapi?"

Nikamwambia sokoni.

"Hizo zimekaa sana, mama. Ngoja niagize nyumbani."

Siku yenyewe alikuja na mtoto mgongoni. Anselmi alikuwa anafunuafunua masufuria, Rahel akamfukuza jikoni na kumtuma kuni. Anselmi akaenda. Watu wakacheka, Rahel naye akacheka, na hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu Desemba sikuwahi kusikia kicheko chake.

Sasa sikiliza. Jumanne iliyopita, mchana, naanua nguo, simu ikaita. Rahel hakusalimu. "Mama, mtoto anachemka, njoo." Basi, akakata. Nilitafuta viatu huku nalia, Magdalena. Tulimpeleka zahanati, yakawa mafua tu, sasa ni mzima na ananyonya kama kawaida. Lakini sijawahi kupewa heshima iliyozidi ile, ya kuitwa bila kusalimiwa.

Kwa hiyo watu wa huko siwatetei, ila nawafahamu. Wanakukosea kwa moyo mweupe, kama mimi. Usiwawekee kinyongo.

Baba yako mkubwa anakusalimu, anasema usile ugali wa dona kila siku. Mwanaasha anakusalimu. Anselmi pia. Rahel, ambaye anakujua kwa picha ya ukutani tu, anauliza kama huko mnapata karanga nzuri.

Nimalizie na hili. Nimejitazama nikaona hata wewe nimekufanyia yale yale: kila mwezi natuma kifurushi, na tangu uondoke sijakuomba kitu hata kimoja. Leo naomba. Tarehe tisa Septemba marehemu mama yako Theodora anatimiza miaka mitatu tangu atutoke. Nia ya misa yake huwa naiweka mimi, hapa Mafiga. Mwaka huu siiweki. Nenda wewe ofisi ya parokia ya huko, uandikishe jina lake, kisha mtafute mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa wako umwombe waje kwako kusali siku hiyo. Vikombe huna vya kutosha, najua. Azima kwao. Watakuuliza mama yako alikuwa mtu wa namna gani, nawe utawaambia.

Nimewaza sana kabla ya kuandika hivi, maana Theodora alikuwa mdogo wangu na nampenda. Usipokwenda, mwaka huu hatasomewa popote.

Mungu akufunike kwa mkono wake, mwanangu, na akupe watu.

Ni mimi mama yako mkubwa, akupendaye sana,
Scholastika