Mume Wangu Kanizika Nikiwa Hai

Chizuko, acha unachofanya usome hii.

Unajua mume wangu Shigenobu alivyonibembeleza tuje kisiwa cha Shikoku kuhiji, kuzunguka mahekalu kwa miguu. Tangu tuanze ananiacha nyuma. "Goti lako hilo, mama. Kila mtu na mwendo wake." Nikaona sawa.

Leo nafika hekaluni namkuta amekaa kivulini, bibi mmoja wa pale anammenyea machungwa huku anafuta machozi. Nikajua kuna msiba.

Kumbe msiba ni wangu. Namsikia mume wangu, "Natembea kwa ajili ya marehemu mke wangu."

Chizuko, eti marehemu mke wangu. Huku anatafuna chungwa.

Bibi akaniona. "Karibu mwanangu, tumpe pole huyu baba, kafiwa na mkewe."

Nikamwambia, "Mkewe ni mimi, bibi."

Shigenobu hata haya hakuona. "Ukisema umefiwa watu wanakukarimu. Usikuze mambo." Akachukua fimbo yake akaondoka. Sikumfuata. Nimekaa na bibi wa watu, sasa ananimenyea mimi machungwa.

Uongo wake ningeumeza. Kinachoniuma ni ule uso alipokuwa anausema. Ulikuwa umetulia, una amani. Mimi hai, sijawahi kumpa amani ile.