Jina Langu Juu ya Kaburi

Neema mjukuu wangu,

Hapa Louisville hakuna msomi anayenifikia, nami niliishia darasa la nne! Bibi yako hajambo, anawasalimu wote huko Buffalo.

Umeuliza kama mawe ya kale yanaishuhudia Biblia. Majuzi mjomba wako alinionyesha, chuoni kwake Columbus, nakala ya jiwe la kale lililovunjika, lililochimbuliwa Israeli. Juu yake mfalme adui wa Israeli anajigamba kwamba alimuua mfalme wa nyumba ya Daudi.

"Unaona, baba? Adui mwenyewe ndiye shahidi."

Niliona kana kwamba jiwe linanitazama mimi.

Maana kule kambi ya wakimbizi Tanzania, tulipomzika mama yangu, nilipewa msumari niandike jina lake kwenye saruji mbichi ya kaburi. Nilianza na langu, kwa herufi kubwa, watu wamjue fundi.

"We Yona, na mama je?" dada aliuliza.

"Tulia, nafasi ipo."

Nikazunguka nikijisifu. Niliporudi, saruji ilikuwa imekauka.

Siku wakilichimbua kaburi lile, watasema Yona amelala hapo. Mama yangu aliitwa Rebeka, na sikumwandika.

Babu yako