Kilio cha Kalenga katika Sinema ya Wajerumani

Jumatatu, 3 Juni
Baridi. Mbaula ya makaa imekataa kuwaka mara mbili. Nimepika bukari, ugali wa mtu mmoja tu, na bado imebaki.
Jonas ameandika. Ni yule kijana Mjerumani aliyetengeneza sinema yake hapa mtaani kwetu Kapata mwaka jana. Imeonyeshwa kwao, magazeti yataandika juma hili. Walikuwa watu wanne na kamera moja. Vilima vya udongo wa mgodi vikafanywa sayari isiyo na maji, na mi mwanamke wa mwisho juu yake. Walinitaka nilie tu.

Jumatano, 5 Juni
Gazeti la kwanza limeingia kwenye simu, Jonas ameligeuza kwa Kifaransa. Wameiponda. Eti hadithi haina kichwa wala miguu, na nguo za kwenda angani ni karatasi za kufungia chakula. Hilo kweli, nilizishona mwenyewe. Nimecheka peke yangu. Hakuna wa kumsimulia.
Juu yangu, hata neno moja.

Ijumaa, 7 Juni
La pili linasifu. Kitu pekee kizuri ni kile kilio cha mwisho, kilichoimbwa kwa lugha ya kubuni, lugha ya watu ambao hawajawahi kuwapo.
Nina hasira. Kubuni! Hiyo ni lugha ya mama yangu. Kwetu hakuna kulia kilio cha uongo. Ukilia bila maiti, unakiita kifo nyumbani. Sasa walipowasha kamera, ningemlilia nani? Nilimlilia bwana wangu, Kalenga. Nilitaja jina lake, la baba yake, na mto wa kwao. Alifia Kasaji, mbali na hapa, wakamzika kabla sijafika, barabara ilikuwa mbovu. Hapa hatukukaa kilio, wanawake hawakulala kwangu chini kama desturi, maana maiti haikuwapo. Watu walinipa pole mlangoni, wakaenda zao. Nikaja kumlilia mbele ya Wajerumani, na hakuna aliyeitikia.

Jumapili, 9 Juni
Jonas alimweleza yule mwandishi wa gazeti la pili ukweli. Amejibiwa kwamba mtazamaji hana haja ya kujua, jina litaharibu fumbo.
Sikwenda misa. Ningemtukana mtu.

Jumamosi, 15 Juni
Jonas alituma sinema, katekista ameionyesha leo mchana kwenye ukumbi wa parokia. Watu wamecheka mpaka machozi. Tata mmoja mzee alisema hiyo sayari iko nyuma ya choo chake. Niliona haya, nikatamani kutoka.
Kikafika kilio. Kicheko kikakatika. Jina la Kalenga likasikika ukumbi mzima. Mama Shimba, jirani yangu muuza samaki, akasimama akaitikia, kama inavyotakiwa marehemu akitajwa. Akafuata mwingine. Kisha wanawake wote, mpaka sauti yangu ya kwenye sinema ikafunikwa. Sinema iliisha, sisi tukaendelea.
Mama Shimba alinishika mkono. "Tata Kalenga alikufaka, na siye hatukumulilia. Utusamehe, mama."
Akanisindikiza mpaka kwangu, wengine wakafuata.

Jumapili, 16 Juni
Wanawake saba wamelala kwangu, chini, na vitenge vyao. Wawili wanatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Kesho watarudi kwao, nyumba itakuwa ile ile, najua.
Jonas anauliza watu wa hapa wameionaje sinema. Nimeizima simu.
Nimeketi chini, kichwa nimefunga kitambaa. Leo ndiyo nimekuwa mjane.