Gharib Hakuimba, Alisema

Kibokoni,
Mombasa.
14 Novemba 1966

Mpendwa Kaka Aidarus,

Assalaam alaykum. Nataraji barua hii itakukuta na afya, wewe na shemeji Swabaha. Sisi tu wazima, ila goti langu la kushoto, ambalo siku hizi ndilo linaloniamulia lini nipande ngazi. Mke wangu Mwanatumu auliza habari za macho yako.

Kaka, uliniandikia kuwa nafasi ya ukarani imepatikana huko Tanga, na kwamba nikautazame huo mchezo anaoigiza mwanao Gharib. Nikiona ni upuuzi, nimpakie basi kabla ya Ramadhani. Nilikwenda Jumamosi, na sitakuficha, nilikwenda nimeshaamua. Nimemlea miaka kumi na mitatu tangu mamake afariki, nawe umekuja mara mbili. Akiharibika nitalaumiwa mimi.

Viti mia na arubaini, vyote vimejaa. Wenziwe waliimba kwa udi na fidla, na watu wakainuka kuwatunza pesa kama ilivyo ada. Kisha akatoka Gharib, akiigiza kuli wa bandarini aliyekwenda kuposa kwa tajiri. Hakuimba. Alisema mashairi mbio mbio, tari peke yake ikimfuata, na kila kina mahali pake.

Watu walinung'unika. Tisa walitoka, niliwahesabu. Jirani yangu Athmani, muuza kahawa, akasimama akauliza kwa sauti, "Bwana harusi, waimba au wanadi samaki?" Ukumbi ukacheka, nami nikainamisha uso. Gharib hakusita, wala tari:

"Mnadi auza nofu, mie nakupa mwibawe;
Ukikwama, usikhofu, wa kuutoa ni wewe."

Kicheko kikahamia kwa Athmani. Mwenyewe akaenda mbele kumtunza, lakini alipofika, ubeti uliomwinua umeshapitwa na nyingine tatu. Akabaki kasimama na shilingi yake mkononi, akisikiliza. Baada yake hakuinuka mtu. Nilidhani ndiyo aibu yenyewe, maana kwetu mwimbaji asiyetunzwa ameanguka. Kumbe waliogopa kupitwa na neno. Saba kati ya wale tisa walirudi wakasimama ukutani.

Beti ishirini na mbili, Kaka, na zote ni maisha yangu ya ukuli, niliyomsimulia nikipiga randa mbao zangu: ubao wa meli unavyonesa, nyapara anavyotukana. Hakuniomba ruhusa. Hilo bado laniuma. Lakini sikuwahi kuona ukumbi mzima ukiyasikiliza mambo hayo kimya.

Tukirudi nyumbani akaniuliza, "Ami, nimekuaibisha?"

Nikamwambia, "Gunia la sukari umesema ratili mia mbili. Lilikuwa mia mbili na ishirini na nne, na aliyelibeba ni mimi. Lisahihishe kabla ya Jumamosi ijayo."

Basi hiyo nafasi ya ukarani mpe mwengine. Kama ni kukasirika, nikasirikie mimi. Yeye ana kazi.

Nisalimie shemeji, na dada yetu Tumu na wanawe. Mola awatilie baraka katika riziki, na atukutanishe tukiwa bado twajuana kwa sura.

Wako akupendaye, pamoja na kinyongo changu chote,
Nduguyo Jamaldin