Nguo Zilizokutwa Kabatini kwa Mkwe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada, mtaani huitwa Mama Vifungo
Umri: miaka 58
Kazi: fundi cherehani
Makazi: nyumba ya pili nyuma ya kituo cha afya
Yameandikwa: Ijumaa, tarehe 24 Machi, kuanzia saa nne na dakika kumi asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Najua kwamba mkwe wangu yumo mahabusu hapa tangu Jumatatu kwa kosa la kuwadanganya maofisa wa uhamiaji. Uongo ule ni wangu.

Mke wake ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ana miaka sita, na huniita mama mdogo. Ni mkunga katika kituo cha afya. Mumewe ni mgeni katika nchi hii, fundi wa majokofu kwenye kiwanda cha maziwa kilicho mwendo wa saa nane kwa basi. Walifunga ndoa miaka miwili iliyopita mbele ya msajili, nami nikatia saini. Yeye huja kila Ijumaa ya pili na kuondoka Jumapili mchana. Kibali chake cha kazi kinakwisha tarehe 31 mwezi huu na hakiwezi kuongezwa tena, kwa hiyo waliomba kibali cha ukaazi kwa njia ya ndoa. Asipokipata, atarudishwa kwao.

Sitaficha kitu, afande. Ndoa hiyo ilinitia haya. Si mume mwenyewe. Yule hana neno, ana adabu zake. Ni ule umbali. Jirani yetu muuza mkaa aliiita "ndoa ya simu" mbele ya wateja wangu, nao wakacheka, mimi nimesimama na futi shingoni. Tangu siku hiyo nikawa nasema mkwe wangu amehamia kwetu, ila anafanya zamu za usiku na mchana analala, ndiyo maana hawamwoni. Mwaka mzima nilimlaza mtoto wa watu kitandani mchana kutwa, hata muuza mkaa akawa anawakemea watoto wasipige kelele dirishani kwetu.

Mnamo Jumanne tarehe 14 Machi, saa moja asubuhi, binti yangu alikuwa anavaa viatu. Akaniambia, "Mama mdogo, watu wa uhamiaji wanaweza kuja leo. Wakinikosa, waambie wanipigie simu. Wewe usijibu chochote." Nikamwambia aende kazini asiwe na wasiwasi. Alipotoka tu, kiherehere kikanishika. Niliingia chumbani kwake nikafungua kabati. Vitu vya mwanamume vilikuwa shati moja na kandambili. Nikasema, hapa tumekwisha. Mume gani ana shati moja nyumbani kwake?

Nilikwenda kwenye chumba cha kushonea nikachukua nguo za wateja zilizokuwa tayari: suruali tatu, mashati manne na koti moja. Nikazitundika kabatini. Chini nikaweka viatu vya marehemu mume wangu, nikavipangusa vumbi.

Saa nne na robo wakaja maofisa wawili, mama wa makamo na mwanamume mwenye jalada. Yule mama aliuliza mume yuko wapi. Nikasema, "Ametoka sasa hivi." Akauliza kama hulala hapa. Nikasema, "Kila siku. Jana tumekula naye." Akauliza kazini ni wapi. Nikasema, "Hapo mjini tu." Hakuomba kuona chumba, mimi ndiye niliyewakaribisha, nikawafungulia na kabati.

Yule mama alitoa suruali moja akaigeuza. Ndani ya kiuno palikuwa na kikaratasi nilichokibana kwa pini, mwandiko wangu mwenyewe: "Mwalimu mkuu. Kiuno 44. Alhamisi." Mwenzake akatazama picha ya mkwe wangu kwenye jalada. Mkwe wangu ni mwembamba, kiuno chake hakifiki thelathini. Yule mama akaniuliza, "Mkwe wako amenenepa?" Nikajibu, "Anapenda nguo zenye nafasi." Akaliandika na hilo. Akanisomea niliyoyasema, nikatia saini. Miaka thelathini na tano nawakabidhi watu nguo zao, na kila moja naibandua karatasi kwanza. Siku ile sikukumbuka hata moja.

Binti yangu alirudi saa kumi na moja jioni. Nilimpokea kwa furaha, nikamwambia mambo yamekwisha. Alikaa kitandani na sare yake ya kazi, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa bahasha chini ya godoro. Ndani yake mlikuwa na nakala ya fomu yao ya maombi. Ukurasa wa pili waliandika wenyewe kwamba wanaishi mbalimbali kwa sababu ya kazi. Waliambatanisha barua za waajiri wote wawili na tiketi za basi arobaini na tisa. Mtu wa kaunta alikwisha kuwaambia kwamba kuishi mbali si kosa, mradi waeleze. Hayo yote sikuwa nayajua kwa sababu sikuwahi kuuliza. Binti yangu alisema, "Ukweli wetu ulitosha, mama mdogo." Hakupandisha sauti. Afadhali angenifokea.

Jumatatu tarehe 20, saa tatu asubuhi, mkwe wangu aliitwa ofisi ya uhamiaji. Nilimsindikiza nikakaa kwenye benchi nje, mlango ukiwa wazi. Walimwonyesha saini yangu. Nikainuka ili niseme. Akaniona. Akawaambia, "Mama hana kosa. Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo, na nguo ni mimi niliyeagiza ziwekwe." Nami nikakaa tena. Niliogopa kufungwa. Niliwatazama wanamchukua na sikufungua mdomo, mimi ambaye mdomo wangu haujawahi kupumzika. Alipopita mbele yangu alisema, "Mama, nenda nyumbani ukale." Nimekaa na neno hilo siku nne na sijaweza kula.

Nasema wazi: hakuniambia niseme uongo. Tarehe 14 alikuwa kiwandani, na daftari la mahudhurio la huko litaonyesha. Amedanganya mara moja tu, Jumatatu, ili anifiche mimi.

Afande ameniuliza kama ndoa hii ni ya kweli. Najibu hivi. Kila siku saa mbili usiku binti yangu huegemeza simu kwenye kopo la sukari, na mumewe huko aliko huegemeza yake, wakala pamoja. Mara nyingi hawazungumzi. Siku moja nilimwambia akate, bando linakwisha bure na hakuna anayesema neno. Akanijibu, "Bado hajamaliza kula." Nilimwona mjinga. Mimi na marehemu mume wangu tulikula meza moja miaka ishirini na miwili, na sikumbuki kumngoja amalize hata mara moja.

Hayo ndiyo niliyoyatenda na ndiyo ninayoyajua. Nimesomewa yote, nayo ni ya kwangu.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Nimeandika haya kama yalivyotolewa na kumsomea shahidi. Nilimwonya, kabla hajatia saini, kwamba anaweza kushitakiwa yeye kutokana na maelezo haya. Alijibu kwamba anajua. Aliomba jambo moja: mtuhumiwa asiambiwe mpaka yeye awe amekwisha kutia saini, kwa kuwa, kwa maneno yake, "atasema tena ni yeye."